Mtoto aanze kuonja vitu vitamu lini? Naombeni ushauri

Cherehani (saa 2:50 usiku)
Hamjambo wanajamvi. Mimi ni mama wa mara ya kwanza, naishi Kariobangi Kusini. Mama mkwe alitoka Mwingi juzi na mfuko umejaa: biskuti, peremende za rangi rangi na vitu vingine vitamu. Wazee wanasema mtoto huonjeshwa mapema ili ulimi ufunguke. Sitaki kugombana na mtu. Swali langu ni moja tu: mtoto huanza kupewa vitu vitamu akiwa na umri gani, na je, kidogo kinaweza kumdhuru? Cha kulamba tu. Tafadhali msinihukumu, wiki nzima sijalala vizuri.

BabaPacha_Umoja
Pole sana dada. Mama mkwe hukanywa na mwanawe, si na wewe, kwa hivyo hilo mwachie mumeo. Sisi tulichelewa kuwakanya watu. Pacha wetu walikuwa wanapewa peremende za kijiti na kila jirani wa ploti tangu wajue kutambaa. Mwanzo tuliona alama nyeupe juu ya meno ya mbele, karibu na ufizi, tukadhani ni maziwa. Kumbe ndiyo meno yanaanza kuoza. Walipofika miaka mitatu mmoja aling'olewa mawili. Mimi ndiye niliyemshika miguu kwenye kile kiti. Alikuwa ananiangalia mimi, si daktari.

Nesi_Mstaafu
Mama, tuanzie mwanzo. Mtoto ana umri gani? Na "vitu vingine vitamu" ni vitu gani?

Mla_Mahamri
Mimi ni mtu wa Pwani, sasa niko South B. Kwetu mtoto akizaliwa tunafanya tahniki: tende inalainishwa, kidogo inapakwa kwenye kaakaa, basi. Ni sunna na ni kitu kitamu moyoni, nakumbuka babangu akimfanyia mwanangu huku mkono unamtetemeka. Lakini hiyo ni mara moja. Baada ya hapo bibi yangu alikuwa mkali: maziwa ya mama peke yake. Alikuwa akisema maziwa ya mama yenyewe yana utamu, na ni kweli, onjeni.

Kijana_wa_Rongai
Sisi tulilelewa kwa chai ya sukari na mkate tukiwa na miezi minne na tuko hapa. Watu wa siku hizi mnajisumbua sana.

Nesi_Mstaafu
Kijana, walioko hapa ndio wanaoandika. Cherehani, bado nasubiri umri.

Cherehani
Asanteni. Anakaribia miezi sita. Hajaanza uji, ananyonya tu. Biskuti hajapewa na peremende hajapewa, hizo nimezifungia kabatini. Nataka tu kujua kama kulamba kidogo kuna shida.

Nesi_Mstaafu
"Anakaribia" ni ngapi? Fungua kitabu cha kliniki unisomee tarehe. Na kama si biskuti wala peremende, analamba nini?

Cherehani
Miezi mitano na siku nne.
Ni asali. Anapakwa kidogo kwenye ile nyonyo ya mpira jioni, analala. Lakini ni asali safi kabisa ya Mwingi, si sukari ya dukani, haijachanganywa na kitu. Asali ni dawa, hata mimi nikikohoa natumia. Nilikuwa nimepanga akifika miezi sita niwe naweka kijiko kimoja kwenye uji wa wimbi badala ya sukari. Naona ni afadhali, ama?

MzeeWaMizinga
Nimefuga nyuki miaka mingi, wacha nikufunze. Wengi wetu hupima hivi, ingawa si kipimo cha uhakika: unaidondosha kwenye glasi ya maji uone kama inazama ikiwa nzima au inatawanyika. Au unachovya kijiko na kukiinua uone kama inashuka kama uzi usiokatika. Usikubali mtu akuambie ikiganda imeharibika, asali nzuri huganda wakati wa baridi, unaiweka tu kwenye maji ya uvuguvugu. Na ikiwekwa vizuri haiozi. Kwa hivyo hapo uko sawa, mpe mtoto kitu cha Mungu.

Nesi_Mstaafu
Mzee wangu, kwa nyuki nakuheshimu, lakini hapa hapana. Usafi wa asali si hoja. Asali safi kuliko zote inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria vinavyotoka kwenye udongo na vumbi. Wewe na mimi tukivila vinapita tu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja utumbo wake haujakomaa, vinaweza kumea humo ndani na kutoa sumu inayolegeza misuli. Huo ugonjwa unaitwa botulizimu. Si wa kila siku, watoto wengi hulambishwa na hawaupati, lakini ukimpata mtoto unaweza kufika hadi kwenye pumzi. Na kuchemsha kwenye sufuria hakusaidii, vijimbegu hivyo vinastahimili maji yanayotokota. Ndiyo maana kliniki tunawaambia: asali hapana kabisa mpaka miezi 12 itimie. Si kwenye nyonyo, si kwenye uji, si kwa kikohozi.

Kuhusu utamu mwingine: miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji. Kuanzia hapo ongeza chakula polepole na uendelee kumnyonyesha hadi miaka miwili na zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23, na humo vinywaji vyenye sukari vimekataliwa, pamoja na vyakula vilivyojaa sukari au chumvi. Sababu unaiona kwa macho: tumbo lake ni dogo. Kijiko cha sukari kinakalia nafasi ya maharagwe yaliyopondwa, yai, mboga, ini, vitu vya kumpa madini ya chuma wakati ile akiba aliyozaliwa nayo inaanza kuisha. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, karibu vijiko vinane vya chai. Na utamu wa kumlaza ndio mbaya zaidi kwa meno, kwa sababu akilala mate yanapungua na sukari inabaki imeganda pale pale usiku kucha.

Sasa nijibu mawili. "Anapakwa" na nani? Na amepata choo lini mara ya mwisho?

Mla_Mahamri
Nesi asante. Mdogo wangu kijijini alitumia asali alipokosa tende. Nampigia sasa hivi.

Mama_wa_Githurai
Utamu upo bila sukari jameni. Wangu alianza na malenge na viazi vitamu, nikaponda na ovakado. Alikuwa akiona lile bakuli la kijani anapiga meza kwa mikono miwili. Ndizi mbivu pia. Sikumnunulia kitu cha pakiti mpaka alipopita miaka miwili, na hata sasa peremende zile ngumu za duara hapati, niliwahi kuona mtoto wa jirani akikabwa na moja, wakampiga mgongoni mpaka ikatoka. Karanga nzima vilevile, bado.

Mkaguzi_Langata
Wadau, samahani, hii hadithi hainiingii. Someni tena kutoka juu. Mama mkwe alikuja juzi. Cherehani hajalala wiki nzima, na mtoto analala vizuri akipakwa asali. Akiwa analala, wewe unakosaje usingizi? Na asali haikutajwa mpaka alipobanwa, halafu ghafla ni "safi kabisa ya Mwingi", halafu anatokea mzee wa mizinga kueleza namna ya kuipima. Kesho tutawekewa namba ya simu na bei ya lita. Tumeshaona nyuzi za namna hii.

BabaPacha_Umoja
Mkaguzi, kweli hapo umenifungua macho. Na mimi nimemwaga habari za wanangu hapa.

MzeeWaMizinga
Mimi simjui huyu dada, na asali yangu haitoki Mwingi, inatoka Baringo. Msinitie kwenye hayo.

Kijana_wa_Rongai
Lita ni ngapi lakini?

Cherehani
Siuzi asali. Ninashona sare za shule. Shule zinafunguliwa wiki ijayo na nina mashati 60 ya mteja mmoja, nimeshakula pesa ya kwanza, ilienda kwa kodi. Ndiyo maana silali. Mtoto akilala ndipo ninapokanyaga cherehani, mpaka saa tisa usiku.

Anapakwa na mimi. Siku tisa sasa. Asali niliinunua mwenyewe kwa mama mmoja pale stejini, kabla mama mkwe hajafika, na sijui kama ni ya Mwingi, yeye ndiye alisema hivyo. Mama mkwe alileta biskuti na peremende, lakini alisema ni za kuwekwa mpaka mtoto akue, na ni zangu pia kwa sababu nimekonda. Ile ya ulimi kufunguka ni ya jirani. Jana mama mkwe aliingia akaikuta nyonyo inang'aa, akainusa, akaniuliza "mwanangu, hii ni nini?" Nikamjibu vibaya. Nikamwambia nyumba ni yangu. Alikaa kimya, akachukua nepi akaenda kufua. Nilikuja hapa nikitaka mtu aniambie kidogo si kitu, ili nikamwonyeshe simu.

Nesi, choo ni siku ya tatu leo. Naogopa.

Nesi_Mstaafu
Asante kwa kusema, mama. Sikiliza vizuri. Mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima. Lakini huyu amelamba asali, kwa hivyo hatukisii. Mwamshe sasa umnyonyeshe. Anavuta kwa nguvu kama kawaida? Sauti ya kulia ni ile ile? Kope zimelegea? Ukimwinua shingo inakaa, au mwili unaning'inia kama nguo iliyoloa? Kimoja tu kikiwa si sawa, toka usiku huu huu uende hospitali, usingoje kuche. Kama vyote ni sawa, alfajiri uwe wa kwanza kwenye foleni, na useme neno asali kabla hujasema kufunga choo.

Cherehani
Ananyonya kwa nguvu, amenivuta nywele. Shingo iko sawa. Mama mkwe ameamka, anamshika na kumwangalia kwa tochi ya simu. Tutaenda pamoja asubuhi.

Mkaguzi_Langata
Dada, naomba radhi. Nilisema haraka. Tujulishe.

Cherehani (kesho yake, saa 9:15 alasiri)
Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilisema asali kwanza. Daktari alimpima, akamkalisha, akamulika macho, akamtazama akinyonya dakika nzima, uzito akauandika kwenye kitabu: kilo 6.9. Ameona yuko sawa ila dalili zinaweza kuchelewa, kwa hivyo nimtazame wiki kadhaa na nirudi Ijumaa, au mara moja nikiona kulegea. Choo kimepatikana tukiwa kwenye matatu ya kurudi, kwa leso ya mama mkwe. Asali nimemwaga, na ile nyonyo nimeitupa.

Mama_wa_Githurai
Mungu ni mwema. Na leo utamlazaje na mashati hayo yote?

Cherehani
Mama mkwe amenionyesha. Nimemfunga mgongoni kwa leso, kifua chake kiko kwenye mgongo wangu, nikakanyaga polepole. Alilia kama dakika ishirini, kisha mashine ikambembeleza. Nimemaliza kola kumi na mbili. Yeye anashona vifungo upande ule wa kitanda.

BabaPacha_Umoja
Cherehani, hayo mashati ya sare unashona bei gani? Wangu wanaingia PP1 ya chekechea na bado sijapata saizi yao.