Mjadala: Wanamieleka wa sumo wanapumzika saa ngapi? Utaratibu wa majeruhi urudishwe, ziara zipunguzwe

MLETA MADA:

Wakuu habari za leo. Naileta hii kwa wote tunaofuatilia sumo ya Japani, maana kila mashindano yakiisha tunabishana bingwa nani, nani kapanda cheo, ila siku za katikati hatuzigusi, na kwangu mimi huko ndiko watu wanakoharibikiwa miili.

Kwa mwaka kuna mashindano makubwa sita: Januari, Mei na Septemba Tokyo, Machi Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka, kila moja siku 15, na ratiba ya sita ipo tangu 1958. Ukipiga hesabu haraka unaona jamaa ana kama wiki sita za kujiandaa, unasema mbona nyingi tu. Haya toa wiki moja ya mapumziko, afu Aprili, Agosti, Oktoba na Desemba wenye vyeo vya juu pamoja na wasaidizi wao wanapandishwa mabasi kwenda ziara za mikoani, leo mji huu kesho mji ule, asubuhi mazoezi mbele ya watu, mchana mapambano ya maonyesho, jioni basi tena. Orodha ya vyeo kwa kawaida inatoka siku 13 kabla ya mashindano na hapo mazoezi makali ya kambini yanapamba moto. Sasa goti lililochanika Machi linapona lini?

Na mazoezi yenyewe sio ya mchezo. Vijana wa chini wanaamka alfajiri, wanaingia kwenye uwanja wa udongo tumbo tupu. Wanaanza na shiko, ule mguu unaoinuliwa juu na kushushwa kwa kishindo, mara mia na zaidi, wanaenda kupiga nguzo ya mbao kwa viganja, wanakaa chini wametanua miguu mpaka kifua kiguse udongo, na mwenye mwili mgumu kuna mkubwa anamkandamiza mgongoni. Yanakuja mapambano ya anayeshinda anabaki, na akishinda tu wenzake wote wanamkimbilia wakipaza sauti achague nani afuate. Mwisho kabisa butsukari: unamsukuma mkubwa wako kifuani mpaka ukingoni, anakubwaga, unabingirika, unaamka mgongo mzima umejaa mchanga, unarudi tena, na tena, mpaka pumzi zinakata na yeye anakuita uje. Chakula baada ya hapo, na wakubwa wanakula kwanza.

Mimi sipingi ugumu huo, ndo uliowajenga. Kinachoniuma ni vyeo. Usipocheza, kila siku uliyokosa inahesabiwa umepoteza, unashuka. Kuanzia 1972 mpaka 2003 kulikuwa na utaratibu kwamba ukiumia ndani ya mashindano, yanayofuata unakaa nje na cheo chako kinabaki palepale. Chama cha sumo kikaufuta. Mwangalie Terunofuji, alikuwa ozeki, cheo cha pili kutoka juu, magoti yakafa na kisukari juu, akateremka mpaka daraja la tano kati ya sita. Na ukishuka chini ya daraja la pili mshahara unakatika, unabaki na posho. Kwa iyo mtu anafunga bandeji anaingia uwanjani na goti bovu kwa sababu akikaa anapoteza kila kitu.

Hoja yangu: utaratibu urudi, na ziara zikatwe angalau nusu. Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA:

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka sababu ya kufutwa. Walioumia walizidi, vyeti vya daktari vikawa vingi, watu wamelipa tiketi wanakuta majina makubwa hayapo. Chama kingefanyaje?

Na ziara usizichukulie kirahisi. Mtu wa mji mdogo huko Hokkaido hana nauli ya kwenda Tokyo kila mara, ile ndo siku yake ya kumuona yokozuna, mwenye cheo cha juu kabisa, kwa macho, watoto wanapandishwa uwanjani wanamsukuma mtu wa kilo 160 mpaka anajiangusha kuwafurahisha. Ukiikata hiyo umekata sumo na watu wake. Mwenye cheti mbona anaruhusiwa kubaki nyumbani?

Lingine, wazee wa sumo wanasema miili ya sasa ni mizito mno na shiko zimepungua. Chiyonofuji, yokozuna wa zamani, bega lilikuwa linatoka mara kwa mara, akalijengea misuli kwa pushapu mamia kwa siku, na kwa mwili wa kilo mia na ishirini na kitu tu akabeba ubingwa mara 31. Wapunguze uzito kwanza.

MCHANGIAJI WA PILI:

Mimi nilianza kuangalia sumo kwa ajili ya Osunaarashi, yule Mmisri, Mwafrika wa kwanza kwenye sumo ya kulipwa. Alikuwa anafunga Ramadhani na mazoezi hayohayo anafanya, na Julai 2014 Nagoya kawaangusha mayokozuna wawili siku mbili mfululizo. Baadae magoti yakamwandama akawa anapanda na kushuka mpaka alipoondoka 2018. Inauma sana.

Ila mleta mada nikubane kidogo. Yokozuna hashushwi cheo hata asipocheza, sawa? Mbona yokozuna Kisenosato Machi 2017 aliumia bega na kifua siku ya 13 na bado akaingia, akashinda mara mbili siku ya mwisho akachukua kombe, afu mashindano nane mfululizo ama hayupo kabisa ama anatoka katikati, Januari 2019 akastaafu? Hapo sheria ya vyeo haikumlazimisha. Tatizo ni ule moyo wa kuona kukaa nje ni aibu, na huo haufutwi na utaratibu wowote.

MLETA MADA:

Mchangiaji wa pili hoja nzito hiyo, naijibu. Kisenosato hakuzaliwa yokozuna, aliingia kambini 2002 ana miaka 15, karibu maisha yake yote ya sumo yako baada ya 2003. Miaka yote hiyo amefundishwa na ratiba yenyewe kwamba kukosa siku ni kushuka. Ukimpa cheo cha yokozuna akiwa na miaka 30 unategemea asahau? Ule moyo unaousema unalelewa na sheria, sheria ikibadilika vijana wa leo watakua na moyo mwingine.

Kuhusu vyeti, mkuu wa kwanza, daktari asiwe wa kambi wala wa mwanamieleka, apangiwe na chama, apime mwenyewe, na iwe na kikomo, mashindano mawili labda. Kama ulitumiwa vibaya ni kwa sababu haukusimamiwa vizuri, ungesimamiwa badala ya kufutwa.

Ziara nimesema nusu, sijasema zife, yule mtoto wa Hokkaido namtaka pia amuone yokozuna wake. Ila kati ya 2020 na Agosti 2022 zilisimama kabisa kwa ajili ya korona, hela zilipungua kweli, na sumo ipo. Na hilo la cheti, aliyevunjika atabaki nyumbani sawa, mimi namuongelea yule aliyeumia nusu, goti linauma ila linatembea. Huyo anapanda basi. Huyo ndo nataka mnijibu: Aprili nzima yuko barabarani, Mei anaingia Tokyo mechi 15, akikaa nje anashuka. Mngekuwa nyinyi ndo walimu wake mngemwambia afanye nini?

Na Chiyonofuji namheshimu sana, ila wangapi walipiga pushapu zilezile na bega halikukaa? Hao hawakumbukwi maana hawakufika juu.