Leo 14 tu: gumzo la ukoo, Ijumaa tarehe 8 Mei 2020

Ami Salim: Assalaam alaykum jamaa. Mumewasikia Wizara ya Afya? Waliokutwa na korona juzi 47, jana 25, leo 14 tu! Alhamdulillahi, unaondoka huu.

Mwanaidi: Waalaykum salaam. Basi waje watufungulie Mji wa Kale huku Mombasa. Tangu Jumatano hakutoki mtu wala hakuingii mtu, mbaazi za futari naazima kwa jirani.

Rehema: Ami, wamesema sampuli ngapi zimepimwa?

Ami Salim: Hilo sikulishika, nilikuwa nafunga sambusa. Kwani si ni 14?

Rehema: 14 kati ya 300 ni karibu 5 katika kila 100. 14 kati ya 1,500 haifiki hata 1. Wizara huitaja idadi ya waliopimwa kila siku na hakuna anayeishika. Tena wamepimwa akina nani? Madereva wa malori mpakani, walioko karantini, au waliojitokeza wenyewe? Wakihamia kundi jingine nambari inabadilika, ugonjwa uko palepale.

Bakari: Kwa hivyo hata 47 za juzi si kitu? Mbona watu wamefungiwa?

Rehema: Ni kitu, aliyepatikana amepatikana. Ila si maambukizi ya Jumatano. Mtu huambukizwa, akakaa siku kama 5 ndipo aanze kukohoa, wengine hadi 14, wengine hawakohoi kabisa. Kisha achukuliwe sampuli, isafirishwe, isubiri zamu. Afadhali sasa za Pwani zinapimwa maabara ya KEMRI huko Kilifi, mwanzo zilikuwa zikipelekwa Nairobi. Na vitendanishi, yaani dawa za kupimia, dunia nzima inavigombania. Mnayosikia leo ni habari za mwezi wa nne.

Ami Salim: Yaani tunahesabu samaki wa bahari nzima kwa walioingia kwenye mtego mmoja wa dema.

Rehema: Na dema lenyewe tunalihamisha kila siku 😅

Mwanaidi: Huku wanapita na spika wanatuita tukapimwe. Wanaokwenda ni wa kuhesabika. Hatuogopi kijiti cha puani, twaogopa ukikutwa nao kesho wewe na wanao wote karantini, na bili juu.

Rehema: Naelewa, Da Mwanaidi. Lakini mtaa uliokataa kupimwa, kwenye karatasi husomeka kama mtaa mzima wa afya.

Bakari: Mimi nina njia. Kuna jamaa anauza vipimo vya kutoboa kidole, dakika 15 una majibu. Tujipime ukoo mzima, wasio nao tukafuturu kwa Bibi.

Rehema: Bakari usithubutu! Hicho hakitafuti kirusi, kinatafuta kinga ambayo mwili huitengeneza baadaye, wiki moja au mbili. Utakuwa unaambukiza watu na kidole kinasema safi. Halafu piga hesabu. Watu 1,000, tuseme 10 ndio wanao kweli. Kipimo kiwe kizuri, kikosee wazima 2 tu katika kila 100. Wazima ni 990, kitawabandika ugonjwa kama 20. Wagonjwa 10 kiwapate wote. Una 30 wanalia, na 20 kati yao hawana kitu.

Bakari: Ngoja. Thuluthi mbili ni uwongo, na kipimo ni kizuri?

Rehema: Kizuri. Wagonjwa ndio wachache. Kipeleke kipimo hichohicho kwenye watu 1,000 ambao nusu yao wanao, utapata uwongo 10 kwa wagonjwa 500.

Mwanaidi: Basi wa kuaminiwa ni hicho cha puani.

Rehema: Kikisema unao, karibu mara zote unao. Kikisema huna, hapo taratibu. Ukipimwa mapema mno, au kijiti kisifike nyuma kabisa, kinakosa. Ndiyo maana aliyekaa na mgonjwa hutengwa siku 14 hata kama majibu yake ni safi. Watu hudhani wanaonewa.

Ami Salim: Sasa mimi nisiye na maabara nitazame nini, mwanangu?

Rehema: Kila jioni andika waliopatikana na waliopimwa, ugawanye. Usihukumu kwa siku moja, tazama wiki. Na waliolazwa na waliofariki pia, ingawa hao huja nyuma, na wapo wanaofia nyumbani bila kupimwa.

Bibi: Mie nauliza, Bakari yuaja kufuturu ama haji?

Rehema: Haji, Bibi. Na kipimo chake au bila.

Bakari: Basi sambusa nipelekewe. Kafyu ni saa moja, Ami, fanya hima!

Ami Salim: Nishampa kijana wa jirani. Ataziweka mlangoni, usimkaribishe ndani.