Tupeane uzoefu: nani ameacha kinyongo kwa njia za Kibudha?

Mwanzisha uzi: Wakuu, kaka yangu aliuza kiwanja cha marehemu mzee bila kutushirikisha. Nimeombewa, fundo liko palepale. Nasikia Wabudha wana mazoezi ya kusamehe. Aliyejaribu aje. Mahubiri sitaki, leteni yaliyowakuta.

Mpishi wa Doha: Mimi nilifundishwa metta, zoezi la kutakia watu heri, na Msri Lanka tuliyelala naye chumba kimoja. Unakaa kimya, unajitakia heri wewe kwanza: niwe salama, niwe na amani. Halafu mtu aliyekufadhili, halafu mtu asiyekuhusu sana (mimi nilimweka mlinzi wa getini). Adui anafuata baada ya hao. Msimamizi aliyekuwa akinikata mshahara nilimfikia baada ya miezi. Kumpenda sikumpenda, ila niliacha kugombana naye kichwani huku namenya vitunguu.

Mama Wawili: Someni Dhammapada, kitabu cha mafundisho ya Budha, aya za mwanzo tu: "alinitukana, alinipiga, alinishinda, aliniibia", anayeyarudia hayo chuki yake haipoi. Nikajiona mimi huyo na mtalaka wangu! Siku hizi yakianza nasema kimoyomoyo "haya, ya kuibiwa yamekuja", naendelea kufua.

Mbishi: Hayo ya mshahara na mtalaka mepesi. Aliyeuliwa ndugu je?

Mpishi wa Doha: Msome Maha Ghosananda, mtawa wa Kambodia. Jamaa zake waliangamia enzi za Khmer Rouge, utawala wa kikatili wa huko kwao. Mwaka 1979 aliingia kambi ya wakimbizi Thailand, akaimba nao aya ya Dhammapada hiyohiyo, ya kwamba chuki haikomeshwi kwa chuki. Watu walilia.

Wifi Mtu: Buddhaghosa, mwanachuoni wa Kibudha wa karne ya 5, anasema mwenye hasira ni kama aliyeshika kaa la moto amrushie mwenzake, anaungua yeye kwanza. Na mengine yakishindikana, mpe adui zawadi. Nilimpelekea wifi yangu doti ya kanga. Alipokea kama aliyelipwa deni, hata ahsante hakuna! Ila tangu siku hiyo tunasalimiana. Mimi Muislamu, swala zangu ziko palepale.

Mwanzisha uzi: Shukrani. Sasa nikianza kumtakia kaka heri, kesi yetu baraza la ardhi niifute?

Mama Wawili: Nani kasema? Kiwanja ni cha wote, kidaini. Mtakie heri asubuhi, saa tatu uwe barazani na karatasi zako.