Hukumu ya askari aliyeshtakiwa kwa mauaji inasomwa Alhamisi ijayo Kisumu. Tujipange vipi?

JaKondele (Jumanne, saa 2:14 usiku)

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaojua sheria na mambo ya maandamano. Hasira tunayo ya kutosha, hiyo msituongezee.

Mahakama Kuu hapa Kisumu inatoa hukumu ya askari anayeshtakiwa kumpiga risasi kijana wa mtaa wetu. Ni Alhamisi ya wiki ijayo, siku tisa kutoka leo. Kikundi chetu cha Manyatta kina vijana kama arobaini, lakini siku hiyo hatutashangaa wakifika mia tatu. Tunataka kutembea kutoka Kondele hadi mahakamani, awe amepatikana na hatia au ameachiliwa. Tulipouliza stesheni tukajibiwa kwa mdomo kwamba ruhusa haitolewi. Je, ndiyo basi? Na akiachiliwa, familia ina njia gani nyingine?

Karani_Mstaafu

Ndugu yangu, mliuliza swali lisilo lenu. Mkiomba ruhusa mnampa mtu nafasi ya kuwanyima. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, mradi ni kwa amani na hamna silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act), Sura ya 56, sehemu ya 5, inadai kitu kimoja tu kwenu: taarifa kwa OCS wa eneo, yaani mkuu wa stesheni ya polisi, isiyopungua siku tatu wala kuzidi siku kumi na nne kabla ya siku yenyewe.

Barua iwe na majina kamili ya mwandalizi na mahali anapoishi au ofisi yake ilipo (sanduku la posta pekee halitoshi), tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, na njia mtakayopita tangu mwanzo hadi mwisho. Saa ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Toeni nakala tatu. Moja inabaki kwa OCS, ya pili inagongwa muhuri na kuandikwa tarehe na saa ya kupokelewa, ya tatu mpeni wakili au mtu asiyekuwa kwenye msafara.

Watu wengi huharibikiwa kwenye muhuri. Askari wa dawati anapokea barua, anasema "nitampa mkubwa," nanyi mnaondoka mikono mitupu. Siku ya siku barua haijulikani iliko. Akikataa kugonga muhuri, muombe aiandike kwenye OB (daftari la matukio la stesheni) na akupe namba. Akikataa na hilo, andika jina lake, namba yake ya kazi na saa, halafu itume barua ileile kwa rejista ya posta na kwa barua pepe. Sheria hiyohiyo inamtaka OCS aweke daftari la taarifa zote, na daftari hilo liko wazi kwa mwananchi kulisoma. Siku mbili baadaye rudini mkaliangalie.

OCS anaweza kuwaambia siku hiyo haifai kwa kuwa kuna wengine waliotangulia kutoa taarifa ya mahali palepale na saa ileile. Hilo analieleza kwa maandishi. Anaweza pia kuwazuia kama kuna hatari ya wazi ya kuvunjika kwa amani. "Ruhusa haitolewi" ya mdomoni haipo popote katika sheria hiyo.

WakiliWaZiwani

Karani amemaliza suala la barua. Mimi nina shida na siku yenyewe.

Kwanza, Kiswahili chetu kinatuponza. Neno "hukumu" tunalitumia kwa uamuzi wa hatia na kwa adhabu pia, kisha watu wanakwenda mahakamani wakitarajia kusikia miaka. Alhamisi jaji atasema ana hatia au hana. Akimkuta na hatia, atapanga siku nyingine ya kusikiliza utetezi wa kupunguziwa adhabu, ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia, na taarifa ya familia kuhusu walivyoathirika. Kwenye kesi ya mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi, washtakiwa walipatikana na hatia Julai 22, 2022, na adhabu ikatolewa Februari 3, 2023. Zaidi ya miezi sita. Waambieni watu hili sasa, la sivyo mtu akitoka mahakamani na kusema "hajafungwa miaka yoyote," Kondele itawaka kwa habari iliyo nusu.

Pili, hukumu huahirishwa. Jaji anaweza kuwa safarini, au hajamaliza kuandika, au akaisoma kwa mtandao. Angalieni orodha ya kesi za siku jioni ya Jumatano, na tena Alhamisi asubuhi. Barua yenu ikifunga msafara na Alhamisi na hukumu ikasogezwa, mnahitaji taarifa mpya na siku tatu nyingine.

Ushauri wangu: Alhamisi msiandamane. Nendeni mkasikilize. Kesi husikilizwa hadharani, na kuketi kimya ndani ya mahakama si msafara. Ingieni mapema, benchi ni chache. Msafara uwe Jumatatu inayofuata. Hesabuni: kutoka leo ni siku kumi na tatu, bado mko ndani ya zile kumi na nne, na mnaweza kupeleka barua kesho.

Mzee_wa_Obunga

Jumatatu? Watu watakuwa wameshapoa. Maandamano ni siku ya moto. Barua na mihuri ni kupoteza muda, wakitaka kurusha gesi watarusha.

WakiliWaZiwani

Mzee, kwa heshima zote, gesi inaweza kurushwa na barua ikiwepo, hilo sikatai. Tofauti inaonekana kesho yake kizimbani. Bila taarifa, shtaka la mkutano haramu linaandikika kirahisi. Mkiwa na nakala yenye muhuri, upande wa mashtaka ndio unaobanwa.

Kuhusu siku, soma Kifungu cha 49 cha Katiba. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, anangoja siku ya kazi inayofuata. Kijana akikamatwa Ijumaa saa tisa alasiri, analala korokoroni hadi Jumatatu. Akikamatwa Jumatatu, Jumanne yuko mbele ya hakimu. Tena Jumatatu ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma iko wazi, mna mtu wa kumkabidhi barua ya malalamiko. Jumamosi mtamkabidhi bawabu.

BodaKibuye

Njia: Kondele kwenda mjini kwa Jomo Kenyatta Highway ni kama kilomita tatu, mwendo wa msafara ni saa moja na robo hivi. Msikusanyikie chini ya daraja la Kondele. Pale kuna stegi ya boda, matatu zinageuka, na mkifungiwa pande mbili hamna pa kutokea. Kusanyikeni pembeni ambapo mitaa ya nyuma iko wazi. Jumapili msijaribu kabisa, Kibuye hufurika soko. Anzeni saa tatu asubuhi, saa saba muwe mmetawanyika. Alasiri ya Kisumu ni mvua ya ziwani, na watu wakikimbilia mabarazani mwa maduka, mwenye duka atasema anaibiwa. Wezi wa kweli nao hungoja nafasi kama hiyo.

Nyar_Nyalenda

Naongeza kwa Boda. Sheria inamtaka mwandalizi au wakala wake awepo mwanzo hadi mwisho na asaidie kudumisha utulivu. Kwa hiyo wasimamizi si mapambo. Kwa watu mia tatu ningeweka kumi na watano, wote na rifleksta za rangi moja, wawili nyuma kabisa kwa sababu mawe huanzia mkiani. Kila msimamizi ajue watu ishirini anaowatazama. Anayekuja amefunika uso na hajulikani mtaani, aombwe aondoke kabla hamjaanza kutembea. Watoto waliovaa sare za shule warudishwe nyumbani.

Namba ya wakili iandikwe kwa kalamu mkononi, simu huchukuliwa. Dhamana ya polisi hailipiwi. Mkiombwa pesa taslimu za dhamana, daini risiti.

Sasa ushahidi, hapa ndipo huniuma kichwa. Mtu anapiga video nzuri, anaituma WhatsApp, kisha anaifuta kwenye simu ili apate nafasi. WhatsApp hubana video na kuondoa taarifa za saa na mahali. Faili ya kwanza ibaki kwenye simu iliyopiga, na nakala iwekwe kwenye flashi bila kubadilishwa jina. Sheria ya Ushahidi, sehemu ya 106B, inadai cheti kwa ushahidi wa kielektroniki, na cheti hicho kinahitaji mtu anayeweza kusema kifaa ni kipi na faili ilitokaje humo. Video ya "kutoka kwa grupu" haina mtu huyo.

Mkiona ganda la risasi msiliokote. Pigeni picha kwa karibu na sarafu ubavuni ili ukubwa uonekane, kisha kwa mbali nguzo au duka likionekana, mlinde mahali hapo na muite IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, kwa 1559, simu haina malipo. Majeruhi apelekwe Russia, yaani hospitali ya Jaramogi, daktari aandike jeraha liliingilia wapi na kutokea wapi. Kisha OB, kisha fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kueleza majeraha. Stesheni inayohusika ikikataa kuandika, hapo ndipo IPOA wanaingia moja kwa moja.

JaKondele

Asanteni sana. Jumatatu imekubalika kwenye kikao cha jioni hii, ingawa si kwa furaha. Sasa lile swali la pili: akiachiliwa?

WakiliWaZiwani

Someni sababu kabla ya kuzikasirikia. Kesi hizi mara nyingi huangukia utambulisho: kikosi kizima kilikuwa pale, risasi ilipita mwilini na haikupatikana, au daftari la silaha halionyeshi nani alichukua bunduki gani asubuhi ile. Hapo mtaalamu wa silaha hana kitu cha kulinganisha. Jaji anaweza kuamini kabisa kwamba polisi walimuua kijana na bado asimtie hatiani askari huyu.

Pia kuna kati na kati. Jaji anaweza kuona nia ya kuua haikuthibitishwa na kumtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Watu husikia "bila kukusudia" wakadhani ni kuachiliwa. Kosa hilo lina adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha.

Familia haikati rufaa ya jinai yenyewe, mwenye uwezo huo ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Notisi ya kwenda Mahakama ya Rufaa ina siku kumi na nne. Hukumu ikitoka Alhamisi, Jumatatu mmebakiwa na kumi. Kwa hiyo ile barua mtakayokabidhi msiijaze methali. Taja namba ya kesi, jina la jaji, aya za hukumu mnazoona zimekosea sheria, na ombi la kukata rufaa. Ijumaa asubuhi ombeni nakala ya hukumu kwenye masjala.

Kama familia haijawahi kuwa na wakili wake ndani ya kesi, hata hatua ya adhabu au rufaa bado inafaa. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inawapa nafasi ya kusikizwa, na Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2020, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa iliyotoka Bungoma, kwamba wakili wa mwathiriwa anaweza kushiriki, si kukaa tu na kuandika.

Madai ya fidia ni njia tofauti. Kuachiliwa hakuyafungi, kwa kuwa kiwango cha ushahidi ni cha chini. Tatizo ni muda: kuishtaki serikali kwa madhara ya kawaida kuna ukomo wa miezi kumi na miwili, na familia nyingi humaliza muda huo zikingoja kesi ya jinai. Wakishachelewa, hubaki ombi la kikatiba la haki ya kuishi, ambalo halina ukomo huo, ila jaji atauliza mlichelewa kwa nini. Na mkishinda, mali ya serikali haipigwi mnada. Mnachukua hati ya amri ya malipo, na wasipolipa mnarudi mahakamani kuomba afisa husika ashurutishwe.

Mtu asidanganywe kwamba mambo haya huenda mbio. Uchunguzi wa kifo cha Baby Pendo, mtoto wa miezi sita wa Nyalenda aliyeumizwa Agosti 2017, ulitoa matokeo hapahapa Kisumu Februari 2019. Uamuzi wa kuwashtaki maafisa ukatangazwa Oktoba 2022.

Mzee_wa_Obunga

Sawa wakili, nimekusikia. Je, tunaweza kuandika kwenye mabango kwamba jaji amenunuliwa?

WakiliWaZiwani

Hapana, mzee wangu, labda uwe na risiti. "Hukumu imepuuza ushahidi wa daktari" ni maoni halali. "Jaji amehongwa" ni tuhuma ya jinai dhidi ya mtu. Mwenye ushahidi apeleke Tume ya Huduma za Mahakama. Na mashahidi: majina yao, picha zao na nyumba zao zisionekane bangoni wala Facebook. Rufaa ikifaulu na kesi ikarudiwa, ni haohao watakaoitwa tena. Mke na watoto wa askari nao waacheni.

JaKondele

Nimeandika hivi, mnisahihishe: "Kwa OCS. Tunakuarifu, kwa mujibu wa sehemu ya 5 ya Sura ya 56, kwamba tutafanya msafara wa amani siku ya Jumatatu kuanzia saa 3:00 asubuhi, kutoka Kondele kupitia Jomo Kenyatta Highway hadi mahakamani, kuwasilisha malalamiko kuhusu hukumu. Tunaomba ulinzi. Wako, Vijana wa Manyatta."

Karani_Mstaafu

Karibu sana. Weka tarehe kamili, si "Jumatatu" tu. Ongeza saa ya kumaliza, 7:00 mchana. Ofisi ya mashtaka haimo kwenye njia yako, na mkienda huko mtakuwa nje ya taarifa, kwa hiyo itaje pamoja na barabara mtakayoifuata kutoka mahakamani. "Vijana wa Manyatta" si jina la mtu: weka majina mawili kamili, namba za vitambulisho, simu na mtaa wa kila mmoja. Ile "tunaomba ulinzi" iache, ni nzuri. Peleka kesho asubuhi kabla ya saa nne, OCS akiwa bado ofisini.