Tupeane uzoefu: diski ya breki ya mbele ya pikipiki imeliwa, tairi la mbele linacheza

Mkazi wa Kizota
Mbukwa ndugu zangu. Leo asubuhi nilikuwa kwa fundi karibu na Sabasaba, hapa Dodoma, nasubiri cheni. Akaja kijana wa bodaboda, pikipiki inalia mbele kama mtu anayenoa panga kwenye jiwe. Fundi kufungua, pedi zimeisha kabisa, chuma kinakula chuma. Diski imebaki nyembamba katikati na pembeni imeacha ukingo wa kukata kidole. Kijana anasema, "Nifungie pedi mpya tu fundi, nina abiria wa Mtumba ananisubiri."

Nilinyamaza, lakini moyo ulinienda mbio. Mdogo wangu alivunjika mguu mwaka 2017 kwa jambo lile lile. Waliowahi kuharibikiwa diski, bolti zake, habu (kile kitovu cha tairi) au beringi za mbele, mlifanyaje? Nami nataka kukagua ya kwangu.

Dereva Nkuhungu
Mzee shikamoo. Hili limenikuta. Pedi mpya juu ya diski iliyoliwa hazimalizi hata mwezi, zinakaa kwenye mabonde ya ile ya zamani.

Msafiri wa Kintinku
Mzee umenikumbusha siku ambayo huwa siisimulii nyumbani.

Nilikuwa nafanya biashara ya kuku. Nanunua Manyoni na vijiji vya jirani, napakia tenga nyuma, nashusha soko la Majengo. Diski yangu ilikuwa imeliwa, nikaambiwa nisitupe hela, ikerezwe, yaani ichongwe kwa mashine iwe sawa. Ikakerezwa pande zote mbili, ikang'aa kama sahani mpya. Wakati wa kuirudisha, tundu moja la bolti kwenye habu likawa limekufa uzi, maana habu ni aluminiamu. Fundi akakata kopo la soda, akaviringisha bolti, akaigongea humo. Akaniambia, "Hiyo haitoki mpaka kiama." Mimi nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, nikalipa na kushukuru.

Kama wiki mbili hivi mkono wa breki ukawa unatetemeka vidoleni kila nikibana. Nikajua ni vumbi.

Siku hiyo nimetoka Manyoni na kuku ishirini na sita, nashuka bonde la ufa kuelekea Kintinku. Mnaoijua ile barabara mnajua malori yanavyoshuka polepole, na nyuma yao watu wamejaa haraka. Nikabana breki ya mbele. Ukasikika mlio mmoja, "kleng!", kisha kimya. Nikabana tena. Sikilizeni hapa vizuri: mkono ulikuwa mgumu kama kawaida. Haukuzama. Mafuta yapo, pampu nzima, kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, inabana. Lakini pikipiki inakwenda tu. Akili iligoma kuelewa. Nimezoea kwamba breki ikifa mkono unalegea mpaka kwenye usukani.

Nikapiga gia kutoka ya tano hadi ya tatu, injini ikapiga kelele, tairi la nyuma likawa linaruka. Mguu nimekanyaga breki ya nyuma mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Lori liko mbele, upande wa pili basi linapanda. Nikaamua porini. Nilipita katikati ya miti miwili ya miiba, tairi likapiga kichuguu, mimi nikaruka. Mtulinga ulivunjika, na uso wangu wa kushoto una alama mpaka leo.

Watu waliponiinua, mmoja akazungusha tairi la mbele. Tairi likazunguka, diski imesimama! Kalipa imeishika kweli kweli, lakini haikuwa imeshikana na habu tena. Bolti mbili hazipo, moja imekatika kichwa, na ya nne ilikuwa imening'inia na kile kipande cha kopo.

Mama Ntilie Majengo
Pole sana kaka yangu. Mungu ni mwema. Na kuku?

Dereva Nkuhungu
Kweli, kuku waliishia wapi?

Msafiri wa Kintinku
Tenga lilipasuka. Wanakijiji walikamata kumi na tisa wakanifungia kamba, hawakuchukua hata mmoja. Wengine waliingia porini.

Kijiwe Area C
Ndiyo maana nasema mafundi wetu ni wauaji. Kopo la soda kwenye breki! Wote lao moja.

Fundi Chang'ombe
Kaka wa Area C, usitutukane wote. Kopo la soda ni kosa kubwa, na hata mimi nimelisoma mikono ikitetemeka. Ila ukweli mwingine usemwe pia. Mteja anakuja na elfu kumi na tano, namwambia habu inahitaji uzi mpya, anasema nifunge hivyo hivyo. Nikikataa anavuka barabara kwa jirani, na jirani anafunga.

Kijiwe Area C
Basi mwache avuke. Damu yake isiwe mikononi mwako.

Fundi Chang'ombe
Nimekataa wengi kuliko unavyojua, na siku hiyo watoto wangu walikula uji. Usiniongeleshe hivyo.

Mwalimu wa Mpwayungu
Ndugu zangu, msigombane, wote mnasema jambo moja. Fundi, tuelekeze: tundu la habu likifa uzi, dawa yake ni nini hasa?

Fundi Chang'ombe
Asante mwalimu. Tundu linatobolewa kuwa kubwa kidogo, linakatwa uzi kwa tepu (kile chuma cha kuchonga uzi), kisha inaingizwa springi ya chuma ambayo ndani yake ina uzi wa saizi ile ile ya bolti ya zamani. Ikifanywa vizuri inashika kuliko aluminiamu yenyewe. Ila atoboe mwenye mashine ya kusimama, asitoboe kwa mkono, maana tundu likienda upande diski nayo inakaa upande. Kama habu imepasuka, usiihangaikie, tafuta nyingine.

Bolti za diski zifungwe kwa kuvuka, ya huku kisha ya ng'ambo, kidogo kidogo, na tone la gundi ya bolti. Usifunge bolti yoyote iliyo karibu uliyookota kwenye kopo la vyuma.

Mpanda Milima Kondoa
Mimi napingana kuhusu kukereza. Yangu nimekereza mara mbili, huu mwaka wa tatu, naenda Kolo na Bereko kila wiki na breki inashika vizuri.

Fundi Chang'ombe
Umeipima?

Mpanda Milima Kondoa
Naiona kwa macho, iko sawa.

Fundi Chang'ombe
Macho hayapimi milimita kaka. Kwenye diski nyingi pameandikwa MIN TH na tarakimu, mfano 3.0 au 3.5. Huo ndio unene wa mwisho. Chukua venia, kile kipimo cha milimita, pima sehemu tano au sita pale pedi zinapopita, na usipime kwenye ukingo, utadanganyika. Ikifika chini ya ile namba, hakuna kukereza, inatupwa. Diski nyembamba inashika moto haraka, inapinda, na moto huo unaenda kwenye mafuta ya breki.

Dereva Nkuhungu
Kwenye mafuta naongezea. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi joto 230 au zaidi, lakini yanavuta maji ya hewani. Yakishalowa kiwango kinashuka hadi kama 155. Yakichemka mteremkoni ndipo mkono unazama. Badilisha kila miaka miwili. Na asikudanganye mtu kuweka oili ya injini, mipira ya pampu inavimba.

Mtaa wa Ipagala
Mimi nilichoka, ya mbele niliing'oa kabisa. Natumia ya nyuma tu. Breki ya mbele ndiyo inaangusha watu kwenye mchanga.

Msafiri wa Kintinku
Ndugu yangu, nakuomba kwa jina la mama yako, irudishe. Ukisimama ghafla uzito wote unakuja mbele, la nyuma linabaki jepesi linateleza tu. Mimi nilishuka ule mteremko na ya nyuma peke yake. Sitaki mwingine ayaone.

Mtaa wa Ipagala
Nimekusikia kaka.

Mwalimu wa Mpwayungu
Langu ni la tairi kucheza. Nilipeleka pikipiki kuzibwa pancha ya mbele. Kijana akatoa tairi, ile bushi ndefu ya kati inayokaa ndani ya habu kati ya beringi mbili ikadondoka mchangani, hakuiona, akafunga bila hiyo. Alipokaza nati ya ekseli, beringi zikabanwa pembeni. Siku tatu baadaye usukani unayumba na kuna mlio wa kusaga. Nikasimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, nikashika tairi juu na chini nikalitikisa: linacheza kama jino la mtoto. Beringi zote mbili zilikuwa zimesagika, na kwa kuwa tairi limelala upande, diski ilikuwa imeanza kula bano la kalipa. Nilibadilisha beringi mara mbili bure kabla ya fundi wa pili kuuliza, "Mwalimu, bushi yako iko wapi?" Nilirudi kwa yule wa pancha. Tulichekecha mchanga wake kwa ungo tukaikuta.

Mama Ntilie Majengo
Kumbe ndiyo maana ya mume wangu inasaga! Namwambia jioni hii.

Mkazi wa Kizota
Nimerudi. Nimeisugua diski yangu kwa mswaki na sabuni mpaka maandishi yakaonekana: 3.0. Nimeazima venia, sehemu nne inasoma 2.7, mbili 2.6. Pikipiki nimeiegesha, kesho natembea kwa miguu.

Nimempigia fundi wa Sabasaba nimuulize yule kijana. Anasema alimbembeleza, akakataa, akafungiwa pedi mpya juu ya diski ile ile na akaondoka na abiria wake. Namba yake fundi anayo, amenipa. Jioni akimaliza kazi nitampigia.

Msafiri wa Kintinku
Mpigie sasa hivi mzee. Usingoje jioni.