Mafunzo ya vitendo ya saladi za maji na mikrogrini: siku 2 zinatosha?

MamaKitalu_Igombe
Wakuu, habari za humu. Nina kikundi cha watu 12 huku Igombe, Mwanza, wanataka kufundishwa kwa mikono kuotesha mikrogrini (miche michanga ya mboga inayokatwa na kuliwa) na saladi bila udongo. Nimepanga Jumamosi na Jumapili. Umeme ni wa kubahatisha, na bomba likikauka tunachota ziwani. Treya ya majaribio ya alizeti ina manyoya meupe siku ya 3. Ni ukungu huo? Na mnashauri niandae nini?

Fundi wa Treya
Dada, siku 2 mfululizo utafundisha kupanda tu. Figili huvunwa siku ya 7 hadi 10, kwa hiyo wagawie vipindi 3: Jumamosi wanapanda, Jumanne wanafunua, Jumamosi inayofuata wanakata na kupima. Ikishindikana, anza wewe mapema ili siku ya mafunzo uwe na treya za siku 2, 5 na 9 mezani.

Kila mtu awe na treya yake. Kwa treya ya sentimita 25 kwa 50: figili gramu 30, haradali 10, alizeti 120. Alizeti iloweke saa 8, suuza, mwaga juu ya makumbi ya nazi yenye unene wa sentimita 2, nyunyiza, funika kwa treya nyingine na uweke jiwe la kilo 2 hivi juu yake (Mwanza mawe hatukosi). Uzito unailazimisha mizizi kushuka, na alizeti hutoka na maganda machache. Siku ya 3 au ya 4 funua, na kuanzia hapo mwagilia kwa chini tu: treya yenye matundu ikae ndani ya isiyo na matundu, maji yasizidi nusu sentimita, dakika 15, yanayobaki umwage.

Kuhusu manyoya: nyunyizia maji. Yakilala na kupotea, ni vinyweleo vya mizizi, acha. Yakibaki kama utando wa buibui unaotambaa kutoka mbegu hadi mbegu, na kuna harufu ya uvundo, ni ukungu. Tupa treya nzima, usikate upande uliobaki mzima. Mara nyingi chanzo ni mbegu kurundikana au treya kukosa hewa.

Mbegu za duka la pembejeo zenye rangi ya waridi au bluu zina dawa. Zisiguse treya ya kula.

Mtaalamu Maji
Maji ya ziwani usitumie mabichi kwenye mikrogrini, maana inaliwa bila kupikwa. Yakikaa siku 2 kwenye tangi lisilo na konokono, viluwiluwi vya kichocho hufa, lakini vijidudu vya kuhara hubaki. Chemsha au tibu. Ya bomba yaache wazi usiku kucha klorini ipungue.

Kwa saladi lenga pH (kipimo cha uchachu wa maji) 5.5 hadi 6.5. Maji ya ziwa yenye ukijani yakichotwa mchana huwa na pH ya juu, kwa sababu mwani umekula kaboni daioksaidi. Siki inashusha, ila bakteria wanaila na pH hupanda tena ndani ya siku chache. Asidi ya fosforasi inatulia zaidi.

MamaKitalu_Igombe
Asante sana. Mbolea je? NPK ya mahindi na urea ninazo.

Mtaalamu Maji
Hizo ziache shambani. Urea inahitaji bakteria wa udongo kuibadilisha ndipo mmea uitumie vizuri, na NPK ya mahindi haiyeyuki yote. Tafuta NPK ya haidroponiki, yaani ya kilimo cha bila udongo (4-18-38), magnesi salfeti na kalsiamu naitreti. Kwa lita 20: gramu 12, gramu 6, gramu 12. Yeyusha NPK kwanza, kisha magnesi. Kalsiamu iyeyushe kwenye jagi lake na uimimine mwisho. Ukizikutanisha zikiwa nzito, maji yanakuwa kama maziwa: kalsiamu imeshikana na salfeti na fosfati, na mmea hauipati tena. Miche midogo ipe nusu ya nguvu. Mizani ya jikoni haitoshi, azima ile ndogo ya wanunuzi wa dhahabu.

Boksi la Sangara
Kwa umeme huo, achana na pampu. Kwenye bomba za maji yanayotiririka, umeme ukikatika saa sita mchana saladi zinanyauka haraka sana. Tumia maboksi meupe ya kubebea samaki wa barafu, yaoshwe kwa sabuni mpaka shombo iishe. Yanazuia joto, maji yakipita nyuzi 25 hewa hupungua na mizizi huoza kahawia. Toboa mfuniko matundu 6, ingiza vikombe vyenye vitundu, mche ukiwa kwenye kipande cha sponji. Maji yaguse kitako cha kikombe sentimita 1. Yakishuka usijaze hadi juu tena, maana mizizi ya juu imeshazoea hewa na utaizamisha. Kila mche unahitaji kama lita 4 mpaka kuvuna. Mwanga ukipenya boksi, ndani panageuka kijani kwa mwani, kwa hiyo zungushia mfuko mweusi, na juu yake kitambaa cheupe jua lisiupashe.