Wageni wa kanisa wanafikia kwangu, sasa nahubiriwa kwamba mimi ni Martha

Sauti_ya_Jikoni:
Bwana asifiwe wapendwa. Nina swali, na tafadhali msinirushie mistari mitupu. Mistari ninaijua.

Mwaka wa 6 huu nyumba yangu ndiyo wanakofikia wageni wa kanisa. Mhubiri akitoka mbali, analala kwetu. Muumini mpya asiye na ndugu analetwa kwetu. Hakuna aliyenichagua. Niliitika mara moja tu, basi ikawa kazi yangu. Na sikuwahi kujuta, maana niliamini kabisa kwamba nikimtandikia kitanda mtu nisiyemjua, hapo naabudu.

Jumapili iliyopita mhubiri mgeni, aliyeamkia nyumbani kwangu, alifungua Luka 10, pale Martha anapohangaika na kazi ya kumhudumia Yesu, na Mariamu dada yake ameketi miguuni pa Yesu akisikiliza, na Yesu anasema Mariamu ndiye aliyechagua fungu lililo jema. Akasema kina mama wengi watalikosa fungu lililo jema kwa sababu ya masufuria. Kanisa likacheka. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango, nahesabu vichwa ili nijue kama sahani zitatosha. Nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikajifungia jikoni nikalia, kisha nikanawa uso nikapakua. Alikula vizuri tu.

Naomba kujua: kukaribisha wageni ni ibada, au ni kuwatayarishia wengine ibada yao?

Mzee_Mstaafu:
Pole sana, binti yangu. Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu, na mahubiri hayo nimeyasikia mara nyingi. Nakiri kwamba hata mimi nimewahi kuyahubiri.

Isome tena taratibu. Aliyemkaribisha Yesu nyumbani ni Martha. Bila yeye Mariamu angeketi miguuni pa nani? Bwana hakumwambia aache kutumika, alimwambia anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Halafu nenda Yohana 12. Kuna karamu Bethania, Lazaro yuko mezani, na imeandikwa wazi kwamba Martha akawatumikia. Ni mama yule yule, na kazi ni ile ile. Safari hii hakuna anayemkemea, naye halalamiki. Wahubiri wengi huishia Luka, sijui kwa nini hawafiki Yohana.

Lile neno la Waebrania 13:2, kuwafadhili wageni, kwa Kigiriki ni philoxenia, yaani kumpenda mgeni. Na Paulo anapotaja sifa za askofu katika 1 Timotheo 3, ukarimu kwa wageni umewekwa ubavuni pa kufundisha. Kwa hiyo asiyekaribisha amepungukiwa kama asiyejua kufundisha. Tunawapima wachungaji wetu kwa mimbari peke yake, na hilo ni kosa letu wazee.

Baba_Watatu:
Dada, mimi naandika kama mkosaji. Kwetu sifa ya ukarimu ni yangu, jasho ni la mke wangu. Mimi nasema "karibuni nyumbani!" pale nje ya kanisa, yeye anasikia habari hizo pamoja na wageni.

Kilichonishtua ni Mwanzo 18. Ibrahimu alikuwa mzee wa miaka 99, jua kali, na bado alipiga mbio kuwalaki wale watu watatu. Akapiga mbio tena kundini kuchagua ndama. Ni kweli alimtuma Sara akande unga, lakini hakukaa kivulini kusubiri. Wakati wageni wanakula, yeye alikuwa amesimama karibu nao chini ya mti. Siku hizi vyombo naosha mimi. Naviosha vibaya, lakini naviosha.

Mtumishi_Mwema77:
Kwa heshima zote, tusimpambe. 1 Petro 4:9 inasema tukaribishane pasipo kunung'unika. Kilio cha jikoni si manung'uniko?

Mgeni_wa_Zamani:
Ndugu yangu Mtumishi, kulia si kunung'unika.

Nilipohamia mji mgeni niliabudu kwenye kanisa moja miezi minne. Mlangoni nilishikwa mkono kila wiki, nikaombwa nisimame nipigiwe makofi, nikaketi. Baada ya ibada kila mtu alirudi kwake. Siku mama mmoja aliponiambia "twende nyumbani" ndipo nilipopata kanisa. Mahubiri ya mwaka ule sikumbuki hata moja. Nakumbuka aliniuliza jina langu mara mbili, akaandika asisahau.

Wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau walifafanuliwa Maandiko na Yesu aliyefufuka njia nzima wasimtambue. Walimtambua mezani, alipoumega mkate. Na hapo ni kwa sababu walimshurutisha akae nao, kwa kuwa kumekuchwa.

Mzee_Mstaafu:
Niongeze jambo moja, maana mgeni naye ana wajibu. Kuna andiko la kale la Wakristo, Didache, ambalo wengi huliweka karne ya 1 au ya 2. Linasema mtume anayesafiri apokewe kama Bwana, lakini akae siku moja, au ya pili ikibidi. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiomba fedha, vivyo hivyo. Wale watu walikuwa wakarimu na hawakuwa wajinga.

Sauti_ya_Jikoni:
Mzee, shikamoo, na asante. Hiyo ya siku tatu nimeisoma kwa sauti, mume wangu amecheka mpaka machozi. Anamjua nani nilikuwa namfikiria.

Mtumishi, swali lako limeniuma, na nimelipima. Sikulia kwa sababu ya kazi. Nililia kwa sababu aliyenicheka alikuwa amelalia shuka zangu.

Yohana 12 nilikuwa sijaiona hivyo. Jumamosi anakuja mgeni mwingine. Nimemwambia katibu nitampokea, ila Jumapili nitaketi mbele mpaka baraka ya mwisho, na atakayewahi kutoka ndiye atakayepakua. Katibu akauliza, "Na vyombo je?"

Baba_Watatu, unakaa mbali?